Tetesi za The Batman Part II: ipi ya kushika, ipi ya kuacha ipite

Swali: “Niliitazama The Batman mara tatu mwaka 2022 na tangu hapo nasubiri muendelezo wake. Kusema kweli nimechoka. Wiki hii nasoma kwamba filamu imefutwa, wiki inayofuata nasoma kwamba adui mpya amepatikana, mara Robert Pattinson anahamishiwa kwenye ulimwengu wa Superman mpya, mara tarehe imesogezwa tena. Nikiwaambia wenzangu kwamba ni uzushi, wananijibu lisemwalo lipo. Nitatofautishaje habari ya kweli na ya kupikwa? Na kuna nini hasa cha kuchukua miaka yote hii kwa filamu moja?”

Nianze na methali ya wenzako, maana ndiyo inayokupoteza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ni maneno ya mahali ambapo msemaji anajulikana na akidanganya ataulizwa. Kwenye habari za filamu za mashujaa, msemaji haulizwi. Akisema leo kwamba adui ni fulani na kesho ikawa siye, anaandika jina jingine na wasomaji wanarudi vilevile. Akipatia mara moja, atakukumbusha hiyo moja hadi filamu itoke. Ndiyo maana kwa miaka yote niliyofuatilia kazi hizi nimebaki na kipimo kimoja: habari hii ikiwa ya uongo, nani atapata hasara? Kama hakuna, naiacha ipite.

Tukipime kwenye filamu yako. Tangazo la kwanza la muendelezo lilitolewa Aprili 2022 kwenye CinemaCon, mkutano wa kila mwaka huko Las Vegas ambako studio huwaonyesha wenye majumba ya sinema kazi wanazowaandalia. Wanaokaa kwenye ukumbi ule ni wafanyabiashara wenye viti vya kujaza, na studio ikiwadanganya itakutana nao tena mwaka unaofuata. Warner Bros. iliposema pale kwamba mwongozaji Matt Reeves na Pattinson, anayemcheza Batman, wanarudi, ilikuwa imejifunga. Tarehe 31 Januari 2023, James Gunn na Peter Safran, wakuu wapya wa DC Studios, tawi la Warner Bros. linalosimamia filamu za Batman na Superman, wakataja siku ya kutoka: 3 Oktoba 2025. Machi 2024 ikasogezwa hadi 2 Oktoba 2026. Desemba 2024 ikasogezwa tena, hadi 1 Oktoba 2027.

Najua ukizipanga tarehe hizo tatu pamoja moyo unashuka. Lakini angalia zilitoka wapi. Kila mara aliyetangaza ni studio yenyewe, na kusogeza tarehe ni habari inayomuumiza anayeitoa: wenye sinema wanalalamika, mashabiki wanakasirika, magazeti yanaandika kwamba mambo si shwari. Mtu hajitangazii hasara ambayo haipo. Kwa hiyo habari ya kusogezwa ikitoka kwa studio, iamini siku hiyohiyo. Ikitoka kwa mtu ambaye haonekani kupoteza chochote, endelea na shughuli zako.

Sasa hili la kufutwa, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Filamu hufa kweli, na nyingine hufa zikiwa zimeshashutiwa. Batgirl ilikuwa imekamilika kushutiwa na ilikuwa imekula takriban dola milioni 90 pale studio ilipoamua, Agosti 2022, kwamba haitaionyesha popote. Hilo lilikuwa pigo kwa watu wengi, na tangu hapo kila uvumi wa kufutwa unaonekana unawezekana. Lakini kifo cha aina ile ni nadra. Kifo cha kawaida utakitambua mapema ukiangalia watu wanaoondoka. Chukua Blade mpya ya Marvel. Ilitangazwa Julai 2019 kwenye Comic-Con ya San Diego, mwigizaji wake mkuu, Mahershala Ali, akapanda jukwaani na kuvaa kofia yenye jina la filamu. Mwongozaji wa kwanza, Bassam Tariq, akaondoka mwaka 2022. Wa pili, Yann Demange, akaondoka mwaka 2024. Waandishi wakabadilishwa tena na tena. Oktoba 2024 tarehe yake, iliyokuwa Novemba 2025, ikaondolewa kwenye ratiba bila nyingine kuwekwa mahali pake. Tarehe ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuondoka. Watu walikuwa wameshaondoka zamani.

Linganisha na filamu yako. Reeves hajaondoka, Pattinson hajaondoka, na mwandishi mwenza, Mattson Tomlin, yupo. Isitoshe filamu ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 770 duniani kote, na studio haizitupi hesabu za namna hiyo. Tarehe inapoteleza huku watu wakiwa palepale, kinachoendelea ni kazi.

Na hapa niseme jambo ambalo mashabiki wengi hawalipendi. Tarehe ya kutoka inayotajwa miaka mingi kabla si ahadi. Ni kama kiti kilichowekewa kitambaa: studio inawaambia wenzake kwamba wikiendi hii ina mwenyewe, msilete filamu kubwa hapa. Ndiyo maana tarehe hutangazwa kwa filamu ambazo hazina hata ukurasa mmoja wa skripti. Sony iliitengea The Amazing Spider-Man ya tatu tarehe 10 Juni 2016 kabla ya ile ya pili kuonyeshwa. Ya pili haikupokewa kama walivyotarajia, mwanzoni mwa 2015 wakaingia makubaliano na Marvel, na ile ya tatu haikuwepo kamwe. Justice League sehemu ya pili nayo iliwekewa kitambaa chake, 14 Juni 2019. Hakuna aliyekuja kukaa.

Kwa nini inachukua muda mrefu? Jibu la kwanza ni skripti, na hili halikufichwa. Tarehe iliposogezwa Desemba 2024, Gunn aliwajibu mashabiki mwenyewe hadharani: sababu pekee ni kwamba skripti haijakamilika, hakuna anayeweza kukisia kwa uhakika uandishi utachukua muda gani, na baada ya skripti kukamilika filamu kubwa inahitaji kama miaka miwili ya maandalizi, kushuti na kazi za baada ya kushuti. Akawakumbusha pia kwamba miaka mitano kati ya filamu mbili si ajabu. Kati ya Alien na Aliens ilipita miaka 7, kati ya Avatar mbili za kwanza miaka 13.

Shika hiyo miaka miwili, kwa sababu kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe bila kumtegemea mtu. Mwishoni mwa Juni 2025 Reeves aliweka hadharani picha ya skripti iliyokamilika. Ongeza miaka miwili, unafika katikati ya 2027. Tarehe iliyotangazwa ni 1 Oktoba 2027. Hesabu inakaa, tena inabaki nafasi ndogo ya kupumua. Kwa hiyo mtu akija na habari kwamba filamu itatoka mapema, au kwamba trela yake kamili imeshakamilika na inafichwa, mpigie hesabu hiyo uone kama inakubali.

Jibu la pili ni migomo ya Hollywood ya mwaka 2023. Waandishi waligoma kuanzia 2 Mei hadi 27 Septemba, siku 148. Waigizaji wakagoma kuanzia 14 Julai, wakarudi kazini 9 Novemba. Watu huhesabu miezi hiyo kama miezi iliyopotea, kisha wanashangaa kwa nini filamu ilichelewa zaidi ya miezi hiyo. Ukweli ni kwamba kazi ya filamu ni kama foleni ya malori kwenye barabara nyembamba. La mbele likisimama saa moja, la nyuma halipotezi saa moja tu. Tamthilia ya The Penguin, ambayo ni daraja kati ya filamu ya kwanza na ya pili, ilisimamishwa katikati ya kushutiwa, na ikaja kuonyeshwa Septemba 2024. Reeves alikuwa na mkono katika kazi hiyo pia.

Kuna na namna yake ya kufanya kazi. Filamu ya kwanza ilianza kushutiwa Januari 2020, ikasimama Machi kwa sababu ya korona, ikarudi Septemba, ikasimama tena baada ya mtu kuambukizwa, ikamalizika Machi 2021. Ikatoka Machi 2022, mwaka mzima baadaye. Mwaka huo wote ni kuhariri, muziki, sauti, na picha za kompyuta ambazo nyingi hata huzitambui ukizitazama. Ile trela ya kwanza iliyotusisimua Agosti 2020 ilitengenezwa wakati ni kama robo tu ya filamu iliyokuwa imeshutiwa. Ukiona trela usidhani chakula kimeiva. Umesikia harufu tu.

Hili la Pattinson kuhamishiwa kwenye ulimwengu wa Superman nitalipita haraka, maana limejibiwa mara nyingi na mwenye mamlaka. Gunn anajenga ulimwengu mmoja wa DC, ambao Superman ya 11 Julai 2025 ndiyo filamu yake ya kwanza, na ulimwengu huo una mpango wa kuwa na Batman wake katika filamu iitwayo The Brave and the Bold, akiwa na mwanawe Damian. Kazi za Reeves zimewekwa pembeni, chini ya jina la Elseworlds, yaani hadithi zisizofungwa na zile nyingine. Wako Batman wawili kwa makusudi. Uvumi wa kuwaunganisha hauishi kwa sababu ni rahisi kuuandika na kila shabiki ana maoni juu yake.

Tuje kwenye adui. Hapa tetesi ni nyingi kuliko mahali pengine popote, na sababu yake inaeleweka. Batman yupo tangu 1939, na orodha ya maadui wake ni ndefu kiasi kwamba unaweza kutaja jina jipya kila wiki kwa mwaka mzima bila kurudia. Zaidi ya hapo, Reeves mwenyewe alitutia hamu: mwishoni mwa filamu, katika Arkham, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili, tulisikia kicheko cha mfungwa asiyeonekana vizuri, na wiki chache baadaye studio ikaachia tukio lililokatwa ambamo Barry Keoghan, akiwa Joker mwenye uso ulioharibika, anazungumza na Batman. Tangu siku ile kila mtu ana Joker wake kichwani. Tukio lile liliachiwa kwa sababu halikuwa na nafasi kwenye filamu. Kuligeuza kuwa ratiba ya filamu inayofuata ni kazi ya mashabiki.

Lakini kuna mahali ambapo kipimo changu lazima ukigeuze, nisije nikakudanganya nusu. Waigizaji huwa wanakana. Mwaka 2021 Andrew Garfield, aliyewahi kuwa Spider-Man, aliulizwa karibu kila mahali kama yumo kwenye Spider-Man: No Way Home, na kila mara akakana kwa uso mkavu. Desemba tukamwona kwenye kioo. Trela ya filamu hiyo ilimwonyesha adui Lizard akipigwa ngumi na hewa tupu, kwa sababu aliyempiga alikuwa amefutwa. Trela ya Avengers: Infinity War, filamu ya mwaka 2018, ilimwonyesha Hulk akikimbia pamoja na wenzake vitani Wakanda, tukio ambalo halimo kabisa kwenye filamu. Kwa hiyo pima upya: kukana hakumgharimu mwigizaji kitu, ni kazi aliyopewa. Kukubali ndiko kunakomgharimu, kwa sababu mkataba unamfunga mdomo. Mdomo ukiteleza, kuteleza huko kuna uzito kuliko makanusho kumi.

Nakupa mfano mwingine ambao mimi huupenda kuliko yote, na unahusu filamu yako hasa. Februari 2020, Glasgow huko Scotland, watu walimpiga picha mtu aliyevaa vazi la Batman akiendesha pikipiki kwenye makaburi ya kale ya Necropolis. Picha zilisambaa dunia nzima kwa siku moja. Zilikuwa za kweli kabisa. Tukajadili masikio ya kofia, tukajadili pikipiki, wengine wakasema vazi limeharibika kabla hata ya kulionja. Miaka miwili baadaye tukakaa kwenye giza, dakika za mwisho kabisa, na tukamwona Batman na Selina, yaani Catwoman, wakiendesha pikipiki kwenye makaburi, kisha kila mmoja akashika njia yake, na yeye akabaki akimtazama kwenye kioo cha pembeni. Kile tulichokuwa tumekibishania kilikuwa ni kuagana kwao. Tulikuwa na picha yake mkononi miaka miwili na hatukujua tunachokitazama.

Ndiyo maana nakusihi, kushuti kukianza na picha za barabarani zikianza kuvuja, zitazame kama unataka, lakini usizihukumu. Picha iliyovuja ni ya kweli na bado haikuambii kitu, kwa sababu haina kilichotangulia wala kilichofuata. Hali ni hiyohiyo kwa maonyesho ya majaribio, yale ambayo studio huwakusanya watu wachache miezi kadhaa kabla na kuwaonyesha filamu isiyomalizika. Anayekuja kukusimulia alichokiona huenda hasemi uongo. Alichokiona kinaweza kukatwa wiki inayofuata.

Na habari za kweli nazo hutupotosha. Warner Bros. ilipomchagua Michael Keaton kuwa Batman mwaka 1988, studio ilipokea barua zipatazo 50,000 za malalamiko. Walimjua kama mchekeshaji. Filamu ikatoka 1989 na leo kuna kizazi kizima ambacho ukikitajia Batman kinaona uso wa Keaton. Mwaka 2006 Heath Ledger alipotajwa kuwa Joker, nakumbuka maneno yaliyoandikwa juu yake, na mengi yalikuwa ya kikatili. Alifariki Januari 2008, The Dark Knight ikatoka Julai, na Februari 2009 familia yake ikampokelea Oscar. Hakuna hata mmoja kati ya waliomdhihaki aliyepata nafasi ya kumwambia kwamba alikosea. Mimi huwa nalikumbuka hilo kila jina jipya linapotangazwa. Pattinson mwenyewe alidhihakiwa mwaka 2019, nawe umemtazama mara tatu.

Unaniambia umechoka. Nakuamini, na nadhani najua uchovu wako unatoka wapi. Kusubiri peke yake hakuchoshi hivyo. Kinachochosha ni kushonea mtoto kanzu kabla hajazaliwa, kuifumua, na kushona nyingine kila wiki. Kila tetesi unayoisoma unaitengenezea filamu kichwani: adui huyu, mwisho ule, muziki huu. Ikifutwa, umefiwa na filamu ambayo haikuwahi kuwepo. Ukifanya hivyo miaka mitano, siku ya 1 Oktoba 2027 utaingia ukumbini ukiwa na filamu mia moja kichwani, na ya Reeves itakuwa ya mia na moja. Haitaweza kushindana nazo zote.

Mimi nafanya hivi. Nafuatilia mambo manne tu: Reeves anaposema jambo kwa jina lake, studio inapotangaza waigizaji rasmi, siku kushuti kunapoanza, na siku kunapomalizika. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi na ndiyo inayozungumzwa kidogo. Kushuti kukiisha kati ya mwishoni mwa 2026 na mapema 2027, jipange kwa Oktoba. Kukivuka hapo sana, uwe tayari kwa tangazo lingine. Kati ya matukio hayo manne kuna miezi ambayo hakuna habari, na miezi hiyo ndiyo watu huijaza uzushi.

Kama hujaitazama The Penguin, itazame sasa. Ni vipindi 8, inaanza takriban wiki moja baada ya mafuriko yaliyoufunika mji wa Gotham, na Cristin Milioti, akiwa Sofia Falcone, ametoa kazi iliyompatia tuzo ya Emmy mwaka 2025. Batman haonekani humo hata kidogo, lakini utaona mji anaourithi: nani ameshika mitaa, nani amekufa, nani amepanda juu.

Kisha rudi kwenye nusu saa ya mwisho ya filamu ya kwanza. Usitafute dalili za adui mpya. Tazama pale mfuasi wa Riddler, adui wa filamu hiyo, anapojitambulisha kwa neno lilelile la kisasi ambalo Batman alijitambulisha nalo mwanzoni, na uso wa Pattinson unavyobadilika chini ya kofia. Muda mfupi baadaye anarukia maji, anawasha mwali mwekundu, na watu waliokuwa wakimwogopa wanamfuata nyuma gizani. Tazama jinsi mtoto anavyompa mkono. Reeves alimwacha hapo, mtu aliyejua kuogopwa tu, sasa akiwa na kundi la watu nyuma yake na hajui awapeleke wapi.